Kapeti Iliyotoa Maji Meupe

Lenah Nasimiyu hamwagi maji machafu kabla mwenye kapeti hajayaona. Akimaliza kuosha huzima mashine, hufungua tangi lake, humimina maji yaliyonyonywa ndani ya ndoo nyeupe, kisha humwita mwenye nyumba.

"Njoo uangalie mwenyewe."

Wengi hushtuka. Mama aliyefagia sebule yake kila asubuhi kwa miaka mitatu huinama juu ya ndoo, akaona maji meusi kama ya mtaro, na papo hapo huanza kujitetea: ni watoto, ni vumbi la barabara, ni wale wageni wa Krismasi walioingia na viatu. Lenah hamjibu. Katika miaka kumi na mmoja ya kazi hii amejifunza kwamba kapeti husema yale ambayo mwenye nyumba hayasemi. Maji mekundu ni ya nyumba iliyopakana na barabara ya udongo. Maji yenye mafuta ni ya fundi wa magari. Maji yenye utando mweupe ni ya nyumba yenye mtoto anayefundishwa kunywa uji.

Katika miaka hiyo yote, kapeti moja tu ndiyo iliyotoa maji meupe, yaani maji safi kama yalivyoingia. Ilikuwa Riruta, na mwanzoni iliyatoa mara mbili. Ilikuwa kapeti ya binti yake.

Lenah alizaliwa Webuye, Bungoma, akaja Nairobi kumfuata mumewe, Sifuna, aliyekuwa seremala. Walipanga chumba kimoja Makina, Kibera, na humo ndimo anamoishi hadi leo. Sifuna alifariki wakati binti yao wa pekee, Mercyline, alipokuwa na miaka tisa. Lenah alianza kufulia watu nguo. Baadaye akahamia mahali pa kuoshea magari kando ya kijito, ambapo wanawake walikanyaga mazulia kwa miguu katika maji baridi kuanzia asubuhi hadi jioni. Hapo ndipo magoti yake yalipoharibika, na hapo ndipo alipokutana na Rosebella, mwanamke kutoka Siaya mwenye mikono mipana na mdomo usiofungwa. Wawili hao walinunua mashine kuukuu ya kunyonya maji, wakakodi uwanja mdogo wenye ua wa mabati Kawangware, wakachomelea vyuma vya kuanikia. Mtaa ukawaita Mama Kapeti, wote wawili kwa jina moja.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Kapeti hupigwa kwanza mgongoni, ingali kavu, hadi iache kutoa vumbi. Hunyunyiziwa sabuni na siki, ikaachwa inywe. Husuguliwa kwa brashi kufuata manyoya yanavyolala, kamwe si kinyume. Ndipo mashine hupitishwa polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayelima. Anayeikimbiza huacha sabuni ndani, na sabuni iliyobaki hukusanya uchafu kuliko kapeti ambayo haikuoshwa kabisa.

Katika mwaka wao wa kwanza walirudisha kapeti mbili za kahawia kwa watu wasio wenyewe, na ugomvi wake ukafika kwa chifu. Tangu hapo Lenah aliweka sheria. Kapeti ikiingia uwanjani hushonwa uzi wa buluu kwenye pembe, mishono mitatu. Anayeshona ndiye anayeosha, na anayeosha ndiye anayekata uzi, mbele ya mwenye kapeti, baada ya maji kuangaliwa. Mtu hakati uzi wa mwenzake. Kapeti yenye uzi ni kapeti ambayo bado inamngoja mtu.

Mercyline ndiye aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano na kumshonea mamake mishono yake, kwa sababu macho ya mamake yalikuwa yameanza kukataa kuliona tundu. Alitoka shuleni, akavua viatu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuuliza, "Mama, leo ni ngapi?" Alipomaliza shule alipata kazi ya kuuza mapazia katika Soko la Toi. Siku moja taa za kibanda zilizimika, akaitwa fundi wa stima, kijana mmoja mpole aitwaye Austine Osewe. Taa zilirudi siku hiyo hiyo, lakini fundi aliendelea kuja kuzikagua kwa miezi minne. Mwaka ulipokwisha, Mercyline alikuwa akiishi naye Riruta.

Kwa kina Lenah, mama mkwe haingii nyumba ya mkwe wake kabla wazee wa pande mbili hawajakutana, na kabla kijana hajajitambulisha nyumbani kwa msichana. Haketi kwenye kiti chake, hali chakula chake, hata mkono hampi. Wako wengi Nairobi walioacha mwiko huo. Lenah mwenyewe amewahi kuosha sebule huku mama mkwe wa mwenye nyumba amejinyoosha kwenye sofa akitazama runinga. Lakini yeye alikuwa mjane aliyemlea binti peke yake, na heshima hiyo ilikuwa kitu pekee alichobakiwa nacho cha kudai.

"Mimi sivuki mlango wa mtu ambaye hajavuka wangu," alisema.

Austine hakukataa. Alisema Desemba, lakini babake akaugua. Alisema Aprili, lakini mjengo alimokuwa akifanya kazi ukasimamishwa. Mwezi wa Juni, Lenah alikwenda Toi kununua vitambaa vya kupangusia, akamkuta binti yake kati ya marobota ya mapazia. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana.

"Mathe, si ukuje tu siku moja," Mercyline alimwambia. "Hata dakika kumi."

"Alete wazee kwanza."

"Wazee watakuja. Lakini ni mimi nakuita, si yeye."

"Nyumba ni ya nani?"

"Ni yetu."

"Basi siwezi."

Mercyline alilikunja pazia alilokuwa ameshika, la kijani lenye maua meupe, akalikunja tena hadi likawa dogo kama kitabu. "Na nikiwa mgonjwa?"

"Mgonjwa hupelekwa hospitali. Hapelekwi kwa mamake."

Mercyline alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na hataki kuonyesha. Tangu siku hiyo hawakupigiana simu.

Mwezi wa Agosti, ujumbe uliingia kwenye simu ya kazi kutoka nambari wasiyoijua. Kapeti moja, futi tano kwa nane, kuoshewa nyumbani. Riruta, ploti ya kijani nyuma ya kanisa, nyumba nambari sita. Lenah na Rosebella walipakia mashine kwenye mkokoteni, wakaenda. Langoni walimkuta mlinzi wa ploti, mzee mchangamfu aitwaye Gathogo.

"Niaje, mama. Mnaenda kwa nani?"

"Namba sita."

"Ah, kwa Austine wa stima. Pandeni tu, bibi yake Mercy yuko."

Mpira wa mashine ulimtoka Lenah mkononi ukaanguka kwenye vumbi. Rosebella alimtazama mwenzake, akatazama juu ghorofani, kisha akaanza kucheka hadi akashika ua.

"Haki huyu mtoto! Ametuita kama kastoma! Mama Mercy, leo amekupata."

"Ingia wewe."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa hapa."

"Mama, kuingia ni bure," Gathogo alisema kwa upole. "Hatutozi."

"Mwache," Rosebella akamwambia. "Huyu ni mama mkwe. Mguu wake ukigusa hiyo ngazi, Bungoma nzima itapata homa."

Lenah aliipindua ndoo moja akaikalia, uso wake ukielekea barabarani. Kwa karibu saa nzima alisikia mlio wa mashine yake ukitoka kwenye nyumba ambayo hakutaka kuitazama. Aligeuka mara moja tu. Dirishani, ghorofa ya kwanza, pazia la kijani lenye maua meupe lilikuwa limesogezwa upande.

Rosebella aliporudi aliiweka ndoo nyeupe miguuni pake. Maji yalikuwa meupe. Hata mkwaruzo ulio chini ya ndoo ulionekana.

"Nimepitisha mara tatu. Nilidhani mashine imekufa. Hiyo kapeti ni safi kuliko sahani zangu."

"Sasa alituitia nini?"

"Unaniuliza mimi? Si yuko hapo juu, muulize."

Lenah hakuuliza. Njia nzima ya kurudi Kawangware alijibu mwenyewe, na jibu alilolipata lilikuwa baya. Binti yake alitaka apige magoti katika nyumba ya kijana ambaye hajamtambua. Alitaka mamake aingie kama mfanyakazi, avue viatu mlangoni, ainame. Alilishika jibu hilo kwa nguvu, kama mtu anayeshika sufuria ya moto na kuona haya kuiachilia mbele ya watu.

Wiki tano baadaye, ujumbe ule ule ulikuja tena. Lenah alimtuma Rosebella peke yake. Safari hii Rosebella alirudi bila kicheko, akaketi kwenye kivuli cha kapeti zilizoanikwa.

"Leo kulikuwa na doa," alisema. "La chai."

"Basi ni vizuri. Angalau kuna kazi."

"Chai ilikuwa bado moto, Mama Mercy. Aliimwaga akisikia mimi nakuja kwa ngazi. Nimetoa hilo doa, na maji mengine yote yametoka meupe tena." Rosebella alijipangusa shingo. "Na kuna uzi."

"Uzi gani?"

"Wa buluu. Kwa pembe. Mishono mitatu, vile wewe hushona. Nikatoa makasi nikate, akanishika mkono. Akaniambia, 'Wacha auntie, huo si wako.'"

Lenah aliendelea kusugua pindo la zulia la mtu ingawa lilikuwa limeshatakata.

"Wewe husikii," Rosebella akasema. "Huyo msichana haiti mama mkwe. Anaita fundi. Fundi haulizwi ukoo, anaingia kwa kila mtu, anaosha, anaenda zake. Mtoto amekutafutia mlango na wewe umekalia ndoo kwa geti! Sisi Wajaluo mila zetu ni ngumu kuliko zenu, lakini hata sisi tunajua nyumba ina mlango wa nyuma."

"Wazee wake wanakuja mwisho wa Oktoba. Wanzala ameniambia." Wanzala alikuwa kakake marehemu Sifuna, na ndiye aliyesimamia mambo ya ukoo. "Nimengoja zaidi ya mwaka. Nitashindwa na wiki tano?"

"Miguu yake imevimba."

Brashi ilisimama.

"Kamba ya slipasi imezama ndani ya nyama," Rosebella aliendelea. "Na anasema kichwa kinamuuma."

"Mwambie apunguze chumvi. Mwambie akilala aweke miguu juu ya mto. Na aende kliniki."

"Mwambie wewe! Simu unayo."

Jioni hiyo Lenah alilitafuta jina la binti yake kwenye simu, akaweka kidole gumba juu yake, na kidole hakikubonyeza. Wiki tano, alijiambia. Wazee watakuja, watakula, watakunywa. Kesho yake ataingia Riruta mchana kweupe akiwa na kikapu cha mayai na kuku mzima, na hakuna atakayesema kwamba binti wa Sifuna aliokotwa.

Wiki mbili na siku chache kabla ya siku ya wazee, Jumatano mchana, simu ya kazi iliita. Lenah alikuwa amepiga magoti uwanjani, povu limemfika viwikoni.

"Hallo. Ni watu wa kapeti?"

Aliijua sauti kabla neno la kwanza halijaisha.

"Ndiyo," akajibu. "Tukusaidie?"

"Nataka kapeti ioshwe. Tano kwa nane. Ni huku Riruta."

"Ina uchafu gani?"

"Sijui. Naona tu haijaisha kuoshwa."

"Kesho saa nne."

"Atakuja nani?"

"Tutatuma mtu."

"Naomba..." Pumzi ilikatika, ikarudi. "Naomba aje yule mwenyewe. Yule mkubwa. Nasikia ndiye anajua."

Lenah aliitazama brashi mkononi mwake. Povu lilikuwa likidondoka. Neno lenyewe lilikuwa fupi, nitakuja, na tayari lilikuwa kinywani.

"Tutatuma mtu," alisema tena, kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza.

"Sawa. Asante, mama."

Kule Nairobi kila mwanamke wa umri wake huitwa mama na watu asiowajua. Mteja yeyote angeweza kulisema neno hilo. Lenah alikaa ameishika simu sikioni muda mrefu baada ya laini kukatika, akijaribu kuamua lilikuwa neno la nani.

Alhamisi saa nne alikuwa akilipiga zulia kwa fimbo pale uwanjani Rosebella alipopiga simu kutoka Riruta.

"Mlango umefungwa. Gathogo anasema ameanguka asubuhi akiwa anakunywa chai, akashikwa na kifafa. Austine amembeba hospitali. Mama Mercy, wacha hiyo kitu uko nayo na uende."

Wauguzi walikiita kifafa cha mimba. Walieleza kwamba shinikizo la damu lilikuwa limepanda kwa wiki kadhaa, na kwamba uvimbe na maumivu ya kichwa vilikuwa dalili. Mtoto alikuwa ametolewa kwa upasuaji, msichana, mdogo kama mkate, lakini anapumua. Mercyline alikuwa amelala na mirija usoni. Lenah alisimama upande mmoja wa kitanda na Austine upande wa pili, karibu kiasi cha kugusana, na hakuna aliyekumbuka mwiko. Alifunua shuka miguuni. Akabonyeza mguu wa binti yake kwa kidole gumba, akakiondoa. Kishimo kilibaki pale pale. Alikitazama kishimo hicho kikikataa kujaa.

Mercyline alifariki siku ya Jumamosi bila kufumbua macho.

Mwanamke ambaye ukoo wake haujaonwa hazikwi na mumewe hivi hivi. Ilibidi pande mbili zikae kwanza. Kwa hiyo Austine alikuja Makina Jumanne, siku kumi na moja kabla ya tarehe iliyokuwa imepangwa, pamoja na ami yake na wazee watatu. Waliinama mmoja mmoja chini ya kizingiti cha chumba cha Lenah. Wanzala aliwapokea. Mzee mmoja akasimama na kutamka maneno ambayo hutamkwa siku kama hiyo, kwamba wametoka mbali, kwamba wameona ua zuri katika boma hili, na wamekuja kuuliza lilikopandwa. Alifika katikati, akaketi.

Lenah alikuwa na vikombe sita vya maua alivyovinunua mwaka uliopita kwa ajili ya siku hii. Vilikuwa bado vimefungwa kwenye karatasi za gazeti. Alivifungua, akavisuuza, akawatilia wageni chai. Hakuna aliyesifu vikombe. Austine alikishika chake kwa mikono miwili na hakunywa.

"Mama," alisema, "ningekuja mapema."

"Umekuja," Lenah akamjibu. "Kunywa chai."

Wageni walipoinuka kuondoka, Wanzala alimvuta kando. Alikuwa mtu mwema na alitaka kusema jambo la kumfariji. "Shemeji, sasa kila kitu kimefuata utaratibu. Hata wewe uko huru kwenda kwake. Njia imefunguka."

Mercyline alizikwa nyumbani kwa kina Austine, kama mke. Ng'ombe alitolewa. Hakuna kilichopunguka katika mila.

Matanga ya Riruta yalikuwa yamekaliwa wiki nzima katika nyumba nambari sita. Waumini, majirani, mafundi wenzake Austine na watu wa Soko la Toi walikuwa wamekaa juu ya ile kapeti, wengine wakalala hapo hapo. Ilipokaribia siku ya mtoto kutoka hospitali, Rosebella alisema ataenda kuiosha, maana mtoto mchanga hawezi kulelewa juu ya vumbi la watu wote hao.

"Nitaenda mimi," Lenah akasema.

"Magoti yako..."

"Huo uzi si wako, Rosebella."

Alikwenda siku moja baada ya mtoto kuletwa nyumbani. Gathogo alimfungulia geti bila utani, akambebea mashine hadi juu. Mlangoni, Lenah alivua viatu vyake akavipanga ukutani, kama anavyofanya kwa kila mteja. Austine alisimama ndani.

"Karibu, Mama."

Alivuka. Ilikuwa hatua moja, haikuwa hata ndefu. Hakutazama picha ukutani wala nguo zilizoning'inia nyuma ya mlango. Alipiga magoti na kuanza kazi, akaanzia mlangoni kuelekea dirishani, mstari kwa mstari.

Alipofika dirishani brashi ilikataa. Manyoya ya mahali hapo yalikuwa yamelala, yamekandamizwa mahali pawili palipokaribiana, kila mahali kiasi cha unyayo. Aliyasugua, akayapiga kwa mvuke wa maji moto, akayainua kwa vidole. Hayakuinuka. Lenah alijua maana yake, kwa sababu ni kazi yake kujua. Mtu hupita juu ya kapeti na manyoya yakarudi. Manyoya hayarudi mahali ambapo mtu amesimama muda mrefu, siku nyingi, pale pale. Aliinua kichwa akatazama nje kupitia pazia la kijani. Chini, katikati kabisa ya dirisha, palikuwa na geti, na mahali pale alipokalia ndoo.

Alimaliza kuosha, ingawa hakumbuki vizuri alivyomaliza. Alizima mashine, akafungua tangi, akamimina kwenye ndoo nyeupe. Maji yalikuwa meusi. Yalikuwa na udongo wa viatu vya mji mzima, na majani ya chai, na nta ya mishumaa.

"Njoo uangalie mwenyewe," alisema kwa mazoea, kabla hajajizuia.

Baada ya muda Austine alitoka chumbani, mtoto amefungwa shali ya manjano kifuani pake. Aliinama juu ya ndoo kama aliyeagizwa.

"Ni watu wa matanga," alijitetea. "Mercy hakuwa anaiacha ikae hivi. Alikuwa anaipiga kila siku. Hata siku ile."

"Najua," Lenah akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu mwenye kapeti.

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Lenah aliikariri methali hiyo darasa la tano kule Webuye, na hata akaiandikia insha. Sasa majuto yake yalikuwa yamefungwa shali ya manjano, na yalikuwa yakipiga chafya kwa harufu ya siki.

Aliigeuza pembe ya kapeti. Uzi ulikuwa pale, mishono mitatu, wa kwanza mrefu, wa mwisho mfupi, vile alivyoshona Mercyline tangu utotoni kwa sababu alikuwa na haraka ya kumaliza akacheze. Lenah alitoa makasi mfukoni. Aliingiza ncha chini ya mshono wa kwanza. Mkono wake ulibaki hapo. Sheria aliitunga mwenyewe: uzi hukatwa mbele ya mwenye kapeti, baada ya maji kuangaliwa. Mwenye kapeti alikuwa amemwonyesha maji mara mbili, meupe, na yeye hakuja kuyaangalia.

Alirudisha makasi mfukoni.

"Haijaisha," alimwambia Austine. "Nitarudi mwezi ujao."

Hurudi kila mwezi. Rosebella hamtanii juu ya safari hiyo. Humfungia tu mashine kwenye mkokoteni na kumwambia apite upande wenye kivuli. Mtoto bado hajaanza kutambaa, na Austine hupanda ngazi akiwa amevua viatu, kwa hiyo sasa kapeti ile imeanza tena kutoa maji meupe. Lenah huyamimina kwenye ndoo, huiweka dirishani penye mwanga, kisha huinama, magoti yakimlia, na kuyaangalia mwenyewe.